Mtoto wa mbwa nyumbani: mfundishe usafi bila fimbo

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama wa nyumbani, ukurasa huu umezoea kukuambia habari za kofia ya kazi, za viatu, za vumbi na za mashine. Leo tunatoka kazini na kuingia ndani ya nyumba yako, kwani ajali haikai shimoni tu. Tutasema juu ya mtoto wa mbwa.

Utauliza: mbwa na usalama, mambo hayo yanakutana wapi? Sikiliza kwanza.

Tuseme baba mmoja ametoka posti ya usiku. Amechoka, macho ni mekundu. Anafungua mlango kabla jua halijapanda, anavua viatu, na kwa hatua ya kwanza anakanyaga mkojo. Juma lililopita watoto walileta mbwa mdogo, na hii ni mara ya tano. Baba anamkamata mbwa shingoni, anamsukumia pua ndani ya mkojo, anampiga kwa ufagio. Mbwa analia, anakimbilia chini ya kitanda. Baada ya saa moja mtoto wa miaka 4 anaamka, anaingiza mkono chini ya kitanda ili amtoe rafiki yake. Mkono huo ni mdogo na hauna ubaya, lakini mbwa hajui tena mkono upi unapiga na upi unabembeleza. Anauma.

Hapo ndipo mambo yanakutana. Mtoto anatoka damu, na hakuna mtu nyumbani anayejua kama mbwa alichanjwa. Shauri lilianza na mkojo, sasa liko lopitali. Kila ajali ina mwanzo wake, na mwanzo wa hii ni fundisho ambalo halikutolewa. Basi tuonyeshe namna ya kulitoa.

Mbwa mdogo wa kwetu

Wengi wakisikia habari za mbwa mdogo wa nyumbani huwaza mbwa wa Ulaya wenye manyoya marefu. Lakini Congo yetu ina mbwa wake mdogo anayejulikana dunia nzima: basenji. Ni mbwa wa wawindaji wa misitu, kama ile ya Ituri. Utamtambua kwa masikio yaliyosimama, paji la uso lenye makunyanzi, manyoya mafupi, na mkia uliojikunja juu ya mgongo kama pete. Akikomaa, kimo chake mpaka mabegani ni santimetre 40 hadi 43, na uzito wake ni kilo 9 hadi 11 tu.

Jina lake lilitoka katika neno la kuwadharau watu wa porini. Ajabu yake ni kwamba mbwa aliyepewa jina hilo ana adabu ya usafi kuliko mbwa wengi: hujilamba mwili kama paka, na harufu yake ni ndogo.

Kuna mambo mawili ya basenji ambayo yatakusaidia kumfundisha. La kwanza, habweki kama mbwa wengine. Si bubu, hulia, huguna, na akifurahi hutoa sauti kama ya mtu anayeimba. Ndiyo sababu wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni, wapate kumsikia akiwa ndani ya majani. Maana yake kwako ni hii: usingoje abweke mlangoni akitaka kutoka. La pili, hapendi kulowa maji. Siku ya mvua atakaa mlangoni akikutazama, wala hatatoka.

Ikiwa mbwa wako ni wa jamii nyingine ndogo, au ni wa kambi tu ambaye ukoo wake haujulikani, kanuni ni zile zile. Mwili ni mdogo, tumbo ni dogo, na kibofu ni kidogo.

Kabla hajaingia nyumbani

Usimtoe kwa mama yake kabla ya majuma 8. Siku hizo si za kunyonya tu. Akicheza na ndugu zake na kuuma kwa nguvu, ndugu hulia na mchezo unakwisha. Hivyo anajifunza kupima meno yake. Anayetolewa mapema mno hukosa somo hilo, na watoto wako ndio watakaolipa.

Kisha wakusanye watu wa nyumba, mkubaliane. Nani atamtoa nje asubuhi? Nani mchana, watoto wakiwa kalasi? Nani usiku, baba akiwa kazini? Neno gani moja litatumika? Kama baba anasema hivi na mama anasema vile, mbwa hawezi kujua. Hata kazini, mtu mpya akipewa amri mbili zinazopingana, ajali iko karibu.

Mwishowe piga magoti, utazame nyumba kwa kimo cha mbwa. Utaona usiyoyaona ukiwa umesimama:

1. Mbabula yenye makaa, na sufuria ya moto karibu yake.

2. Waya za umeme zinazolala chini.

3. Sumu ya panya, petroli, betri za zamani, dawa za nyumba.

4. Maganda ya muhogo mchungu, ambayo yana sumu yakiwa mabichi.

5. Viatu vyako vya kazi. Mtoto wa mbwa anayeota meno hupenda ngozi kuliko kitu chochote. Kiatu kilichotafunwa hakitakulinda tena siku jiwe likianguka. Kiweke juu.

6. Nguo za kazi zenye vumbi na mafuta. Asizilalie wala kuzilamba. Na watoto wako pia wasizichezee.

Usiku wa kwanza

Fikiri: jana alilala katikati ya ndugu zake, mwili kwa mwili. Leo yuko peke yake, mahali pageni, penye harufu ngeni. Atalia. Kulia huko si ujeuri. Mwituni, mtoto wa mnyama aliyepotea hulia ili mama yake amsikie.

Tafuta sanduku la mbao au la karatasi ngumu, lenye nafasi ya kusimama, kugeuka na kulala, si zaidi. Weka ndani kitambaa kilichokaa siku mbili pamoja na mama yake. Harufu hiyo itamtuliza. Katika miezi ya 6 na ya 7, usiku wa Katanga ni baridi kali, na manyoya ya basenji ni mafupi. Jaza chupa maji ya moto kidogo, ifunge vizuri ndani ya kitambaa kinene, uiweke kando yake, na uache nafasi ya kuisogelea au kuiepuka.

Weka sanduku karibu na kitanda chako, si jikoni wala nje. Watu wengine husema: "Mwache alie, atazoea." Anayeachwa peke yake kulia usiku kucha huzoea jambo moja tu: kwamba nyumba hii ni mahali pa hofu. Lakini akiwa karibu nawe, akilia unashusha mkono, ananusa vidole vyako, analala. Baada ya siku kadhaa sogeza sanduku hatua kwa hatua mpaka mahali unapotaka alale.

Fuata pia hekima ya wawindaji: mfunge kengele ndogo shingoni kwa kamba laini isiyombana, uwe unasikia akisogea ndani ya nyumba. Anapolala sandukuni bila mtu wa kumwangalia, ivue, isije ikakwama. Shimoni kengele inasema kabla mambo hayajaharibika, nyumbani vilevile.

Kwa nini anakojoa ndani?

Si kwa ukaidi, wala si kwa kulipiza kisasi. Mtoto wa mbwa wa miezi 2 hana nguvu ya kuzuia haja yake, kama vile mtoto mchanga asivyo nayo. Kipimo cha kukumbuka ni chepesi: hesabu miezi yake, ndizo saa anazoweza kungoja mchana akiwa ametulia. Miezi 2, saa 2. Miezi 3, saa 3. Hicho ni kipimo cha juu. Akiwa macho na kucheza, huenda nusu saa ikawa nyingi. Usiku, akilala, mwili hutulia na anaweza kungoja zaidi kidogo. Hata hivyo katika majuma ya kwanza utaamka mara moja au mbili.

Mwili wake una saa zake. Haja humjia nyakati hizi:

1. Mara tu anapoamka, hata kama ni usingizi wa mchana.

2. Baada ya kula au kunywa, kati ya dakika 5 na 30.

3. Katikati ya mchezo mkali au mara unapokwisha.

4. Kabla ya kulala usiku.

Ukizijua saa hizo, umekwisha kufanya nusu ya kazi. Nusu ya pili ni kutazama alama. Ameacha mchezo ghafula, ananusa sakafu, anazunguka mahali pamoja, anaenda nyuma ya mlango? Usiseme "bado kidogo". Mchukue sasa hivi.

Namna ya kumfundisha

Chagua pembe moja ya lupango, mbali na kisima, mbali na bustani ya mboga, mbali na mahali watoto wanapocheza. Mpeleke pale pale kila mara, kwa njia ile ile, kupitia mlango ule ule. Mbwa anasoma kwa pua. Harufu ya jana itamkumbusha kazi ya leo. Katika siku za kwanza mbebe mikononi, maana akitembea atamaliza njiani.

Simama, unyamaze. Usicheze naye. Anapoanza, sema kwa sauti ya chini neno lenu, kwa mfano "haya". Akimaliza, msifu pale pale, na umpe kipande kidogo cha samaki au cha bukari. Ukingoja mpaka mrudi jikoni umechelewa. Atadhani unamsifu kwa kuingia ndani. Sifa inapaswa kufuata kazi mara moja. Kisha mwache acheze nje dakika chache. Ukimwingiza upesi kila anapomaliza, atajifunza kuchelewesha haja ili abaki nje.

Kama zimepita dakika 5 bila kitu, mrudishe ndani, umshike karibu nawe au umtie sandukuni, na baada ya dakika 10 umtoe tena. Usimwache azunguke peke yake katika vyumba vyote. Uhuru wa nyumba apewe kidogo kidogo: chumba kimoja kwanza, na kingine akishazoea.

Sanduku linasaidia kwa sababu mbwa hapendi kuchafua mahali pake pa kulala, na basenji zaidi. Lakini lisiwe gereza. Ukimfungia kupita nguvu ya kibofu chake atajikojolea humo, na akizoea kulala katika uchafu wake utakuwa umeliharibu somo.

Wakati wa mvua, simama naye ukingoni mwa baraza, chini ya paa, au mtandikie mfuko wa plastiki juu ya vijiti katika pembe yake. Toka naye wewe mwenyewe. Ukimsukuma nje peke yake na kufunga mlango, atangoja tu mlango ufunguke, kisha amalize kazi yake ndani.

Akikosea

Atakosea. Ukimkuta katikati ya tendo, piga makofi mara moja au mwite jina lake ili akatize, umbebe mpaka pembe yake, na akimalizia huko umsifu. Ukikuta mkojo uliokwisha kumwagika, nyamaza, usafishe. Mbwa hawezi kuunganisha hasira yako ya sasa na tendo la nusu saa iliyopita. Uso wa kuinama na mkia katikati ya miguu, ambao watu husema ni aibu, ni hofu ya sauti yako.

Fimbo inafundisha mambo matatu, yote mabaya. Inamfundisha kujificha akitaka haja, hivyo utakuta uchafu nyuma ya kabati. Inamfundisha kwamba haja mbele ya mtu ni hatari, hivyo hata nje hatafanya ukiwepo, na hutapata nafasi ya kumsifu. Na inamfundisha kuogopa mikono. Mbwa mwenye hofu akikosa njia ya kukimbia, huuma. Na kumsukumia pua ndani ya mkojo ni vivyo hivyo: humchafua, humtisha, wala hakumfundishi kitu.

Sakafu isafishwe kwa maji na sabuni, kisha kwa siki iliyochanganywa na maji. Harufu ikibaki, atarudi pale pale. Usitumie dawa yenye amonia, kwa sababu harufu yake inafanana na mkojo. Na angalia hili: usimwage javeli juu ya mkojo. Vikikutana hutoa hewa mbaya inayochoma macho na kifua. Kwanza osha kwa maji mengi na sabuni.

Mbwa wengi hupata desturi nzuri wakiwa na miezi 4 hadi 6. Wengine wa jamii ndogo huchelewa zaidi. Lakini ikiwa aliyekwisha kuzoea anaanza tena kukojoa ndani mara kwa mara, au mkojo una damu, si tabia, ni ugonjwa. Mpeleke kwa munganga wa wanyama.

Chakula kwa saa

Kinachoingia kwa saa kitatoka kwa saa. Ukiacha sahani chini siku nzima hutajua haja itakuja lini. Mtoto wa miezi 2 hadi 3 apewe chakula mara 4 kwa siku. Wa miezi 3 hadi 6, mara 3. Baadaye mara 2. Chakula cha mwisho kiwe saa chache kabla ya kulala. Maji safi yawepo mchana wote. Kumnyima mtoto wa mbwa maji ili asikojoe ni hatari.

Bukari peke yake haitoshi kumjenga. Changanya na samaki, mayai yaliyopikwa, au nyama ya matumbo iliyochemshwa vizuri. Ndakala uziloweke kwanza ili chumvi itoke. Usimpe vitunguu, chokoleti, pombe, wala mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo hupasuka na kuchoma matumbo.

Kadiri mwili ulivyo mdogo, ndivyo njaa inavyoumiza upesi. Ukimwona mtoto mdogo sana wa mbwa analegea, anatetemeka, anayumba, mpake asali au maji ya sukari kwenye ufizi, na umkimbize kwa munganga.

Watoto wenu na mbwa

Wafundisheni watoto kama mnavyomfundisha mbwa, kwa maneno machache na kila siku. Usimsumbue anapokula. Usimwamshe kwa kumshika. Usimvute mkia. Usiingize mkono mahali alipojificha. Mwite, aje mwenyewe. Akiuma katika mchezo, acha mchezo, nyamaza, ondoka. Mtoto mdogo asiachwe peke yake na mbwa, hata kama mbwa huyo ana ukubwa wa kiatu.

Uchafu wa mbwa uzolewe kila siku kwa koleo na kufukiwa shimoni au kutupwa chooni. Sababu ni hii. Karibu watoto wote wa mbwa huzaliwa na minyoo waliyopata tumboni mwa mama. Mayai ya minyoo hiyo hutoka na mavi, lakini hayawezi kumwambukiza mtu siku ile ile. Yanahitaji majuma kadhaa kukomaa udongoni. Ukizoa leo, umekata njia. Ukiacha, mtoto wako anayecheza mchangani ataweka vidole kinywani, na minyoo hiyo inaweza kufika kwenye ini, mapafu, hata jicho. Basi mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na mbwa apewe dawa ya minyoo tangu majuma 2, kila majuma 2 mpaka afike majuma 8, kisha kila mwezi mpaka miezi 6.

Chanjo ndizo mlinzi

Mwaka 1895 basenji wawili walionyeshwa London katika maonyesho ya mbwa ya Crufts. Watu walishangaa, lakini baada ya muda mfupi wote wawili walikufa kwa ugonjwa ambao waganga wa wanyama huuita Carré. Ilichukua muda mpaka miaka ya 1930 ndipo basenji wakazaliana vizuri huko Ulaya. Leo kuna chanjo ya Carré, na ya parvo, ugonjwa wa kuhara damu unaoua watoto wa mbwa kwa siku chache. Huanza kati ya majuma 6 na 8, na hurudiwa kila majuma 3 au 4 mpaka majuma 16. Kabla hazijakamilika, mbwa wako abaki ndani ya lupango. Virusi vya parvo hukaa udongoni miezi mingi, kwa hiyo asitembezwe mahali ambapo mbwa wasiojulikana wanapita.

Ya kwanza kwa ajili yako na watoto wako ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa huchanjwa akiwa na miezi 3, na chanjo hurudiwa kama munganga atakavyoandika kwenye karatasi. Ihifadhi karatasi hiyo pamoja na karatasi za lopitali za watoto. Kwa hesabu ya OMS, Shirika la Afya la ulimwengu, watu 99 kati ya 100 wanaopata kichaa wanakipata kwa mbwa, na katika kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Mbwa mdogo naye anaweza kuwa nacho. Alama zikianza kuonekana kwa mtu, karibu hakuna anayepona. Lakini kabla ya alama kuna njia ya kuokoa, na njia hiyo imejulikana tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipoanza kumkinga mtoto wa miaka 9 aliyeumwa na mbwa.

Mtu akiumwa, au mbwa akilamba kidonda chake:

1. Osha jeraha mara moja kwa maji yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa. Usipunguze.

2. Nenda lopitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo, hata kama mbwa ni wako. Munganga ndiye atakayeamua juu ya sindano. Akikuandikia, zimalize zote.

3. Usiweke jiwe jeusi, wala makaa, wala majani, wala mafuta. Vinapoteza wakati na kufungia sumu ndani.

4. Usimwue mbwa upesi ikiwa anaweza kufungwa bila hatari. Afungwe na kutazamwa siku 10. Akibaki mzima siku hizo, ni habari njema ambayo munganga anaihitaji.

Kumbuka

Turudi kwa yule baba wa posti ya usiku. Mlango ni ule ule, uchovu ni ule ule. Lakini asubuhi hii havui viatu. Anasikia kengele ndogo ikilia sandukuni anapoivalisha, anamchukua mbwa mikononi, anatoka naye mpaka pembe ya lupango. Dakika 3. "Haya." Anamsifu, anampa kipande cha samaki, anarudi ndani, anaosha mikono, ndipo anavua viatu na kuviweka juu. Mtoto wake akiamka atamkuta mbwa anamjia mwenyewe, mkia ukitikisika, bila hofu.

Wewe unayerudi alfajiri, dakika hizo 3 ni zamu yako. Mama ana zamu zake mchana, watoto wana zao jioni. Mwenye kalamu aandike majina na saa kwenye karatasi, aibandike nyuma ya mlango, kama tunavyofanya kazini. Na kabla ya mwisho wa mwezi, uliza kwa munganga wa wanyama siku ya chanjo.